Siwezi Kulalamika

Lorna Haskett aliisoma barua ya daktari wa mifupa akiwa amesimama jikoni. Alipofika kwenye neno "huenda" akaipiga mezani kwa kiganja, hata kahawa ya mumewe ikamwagika.

"Huenda!" alisema. "Daktari mzima, vyeti vimejaa ukuta, anatuandikia huenda! Huenda nyonga yako iliumia jeshini. Huenda na mimi ni malkia!"

Virgil alikuwa anapaka siagi mkate wake wa mahindi. "Amejitahidi, mama," alisema.

"Usinitetee mtu huyo mezani kwangu."

Hiyo ilikuwa barua ya pili. Daktari wa kwanza hakuandika hata hiyo huenda. Alisema kliniki yao haina utaratibu wa kuandika barua za namna hiyo, akamtakia Virgil siku njema. Ndivyo walivyo. Kwa kisu watakupasua, dawa watakupa mfuko mzima, lakini uwaombe watie saini kwamba maumivu yako yametoka jeshini, hapo mkono unaingia ganzi. Na bila saini hiyo dai la malipo ya ulemavu haliendi popote. Mzee wa ofisi ya askari wastaafu pale wilayani alikwisha kumweleza Lorna mara tatu: daktari aseme uwezekano umefika angalau nusu kwa nusu. Chini ya hapo ni porojo, na serikali hailipii porojo.

Lakini madaktari walikuwa nusu tu ya balaa. Nusu nyingine ilikuwa imekaa pale inatafuna mkate.

Dai lilipokataliwa mara ya kwanza, lilikataliwa kwa mdomo wa Virgil mwenyewe. Alipelekwa kwa mpimaji wa serikali. Mpimaji akamuuliza, "Habari za leo?" Virgil, huku ameshika ukuta asianguke, akajibu, "Nzuri tu. Siwezi kulalamika." Mpimaji akaandika kwamba mgonjwa anasema hajambo, wala hana malalamiko.

"Alikuwa ananisalimu," Virgil alikuwa akijitetea tangu siku ile. "Mtu akikusalimu utamjibu nini?"

"Mjibu unaumwa!"

"Kuna wenzangu walioumia kweli, Lorna. Delmar hana mguu. Mimi nina yote miwili. Nitakwenda kusema nini?"

Hapo ndipo mazungumzo yalipokuwa yakifia kila mara, kwenye mguu wa Delmar Akers, mwenzake wa jeshini. Lorna alikuwa anampenda Delmar, lakini mguu ule alikuwa ameshauchukia.

Na siku zilikuwa zinakwisha. Muda wa kuwasilisha dai upya ulikuwa unaishia Ijumaa. Likipita, Virgil ataacha kazi ya kupakua magunia ya chakula cha mifugo kwenye lile duka la barabara kuu. Lisipopita, ataendelea kubeba magunia, na umri wake umefika miaka sitini. Jioni alikuwa akirudi na kukaa kwenye ngazi ya barazani hadi apate nguvu za kuingia ndani, akisingizia kwamba anaangalia ndege. Lorna alijua kuna siku watampigia simu kumwambia gunia limemwangukia. Aliiogopa simu hiyo kila alasiri.

Alibaki Dakta Pruett, mama aliyewatibu tangu watoto wao wakiwa wadogo. Huyu hakuwa mwoga, ila alisema wazi kwenye simu: "Lorna, nataka kumwandikia. Lakini kila alipokuja hapa aliniambia hajambo, na nimeandika hajambo. Nikiandika leo kwamba ameumwa miaka yote hii, watasoma faili langu mwenyewe wanicheke. Mlete Alhamisi. Aniambie kwa kinywa chake."

Kwa kinywa chake! Afadhali angeambiwa alete theluji mwezi wa Julai, katikati ya joto. Lorna alikata simu, akakaa, akafikiri, kisha akampigia Delmar.

Alhamisi Virgil alimkuta rafiki yake amekaa kwenye chumba cha Dakta Pruett, mguu wa bandia ameunyoosha mbele, kofia ya kikosi chao cha askari wa miavuli gotini.

"Wewe unafanya nini hapa?"

"Nimekuja kutibiwa masikio," Delmar alisema. "Shemeji amenipigia kelele kwenye simu nusu saa nzima."

Dakta Pruett aliingia, akavuta kiti. "Habari za leo, Virgil?"

"Nzuri tu, daktari. Siwezi kula—"

"Yesu wangu!" Lorna alisema, akafunika uso kwa mikono.

"Virgil, ile nyonga," daktari alisema taratibu. "Inauma?"

"Inabana kidogo baridi ikizidi. Lakini kuna wenzangu—" Akatupa jicho kwenye mguu wa Delmar.

Delmar aliinama, akaufungua mguu ule wa bandia, akamwekea Virgil mapajani.

"Haya. Chukua."

"Delmar, acha upuuzi."

"Upuuzi ni wako. Shemeji ananiambia kila ukiulizwa unaumwa wapi unautaja mguu wangu. Miaka yote hii unaukodisha bila ruhusa! Nirudishie mguu wangu, ndugu yangu. Utafute kisingizio chako."

Akamgeukia Dakta Pruett.

"Daktari," Delmar alisema, "huyu amekuambia tuliangukaje?"

"Aliniambia aliruka vibaya usiku mmoja, mazoezini, mwaka themanini na sita."

"Upepo ulitubeba ukatutupa nje ya uwanja. Mimi niliangukia barabarani, lori likanipitia mguuni, likaenda zake. Huyu aliangukia kisiki. Nilimsikia akipiga ukelele, halafu nikamwona anakuja kwangu akitambaa. Akanibeba mgongoni hadi kwenye gari la wagonjwa kule uwanjani. Maili moja, mashambani, gizani. Mimi nilikuwa juu yake, daktari. Kila akikanyaga mguu wa kushoto nilisikia kitu kikisagika ndani yake, na yeye analia huku ananiambia nisijali, tumekaribia."

Lorna aliitoa mikono usoni. Miaka thelathini na tano ya ndoa, na hakuwahi kusikia habari ya kubebana.

"Kwa nini hukwenda zahanati ya kambi?" daktari akauliza.

"Aende?" Delmar alimjibia. "Kwetu aliyekwenda zahanati aliitwa mdekaji asiyevumilia maumivu, akanyang'anywa parachuti. Alinitua pale kwenye gari, akasimama wima, daktari wa jeshi akamuuliza, na wewe je? Akasema, mimi mzima."

Virgil alikuwa ameushika ule mguu wa plastiki kwa mikono miwili, hatazami mtu.

"Ulikuwa unatokwa damu," alisema. "Ningesema nini mbele yako?"

"Basi sasa hainitoki," Delmar alisema. "Sema."

Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu alikuwa amekaribia kuumbuliwa na gunia la chakula cha kuku. Aliurudisha ule mguu kwa mwenyewe.

"Siwezi kuinama," Virgil alisema mwishowe. "Lorna ndiye anayenifunga viatu. Ananifunga huku ananisema, na ana haki. Kitandani nalalia upande mmoja tu. Gunia likishuka begani naona nyota. Haijapoa, daktari. Haikuwahi kupoa hata siku moja."

Dakta Pruett alimlaza, akaikunja na kuinyoosha ile nyonga, na safari hii Virgil alipoumia alipiga kelele. Kisha daktari akatazama tena picha ya eksirei yenye kovu la ufa wa zamani, akaandika barua palepale: kwamba kwa maoni yake uwezekano umepita nusu. Delmar naye akaandika ushahidi wake, akatia saini.

Garini, Delmar akiwa kiti cha nyuma, Lorna aliishika bahasha kifuani. Alitaka kumkumbatia mumewe na kumpiga kofi, vyote kwa pamoja.

"Hata hivyo," Virgil alianza, "kuna wenzangu ambao—"

"Virgil!" walimkemea wote wawili.

Walipofika kwenye makutano ya barabara kuu Virgil akaomba simu, akaipiga dukani.

"Bosi, ni Virgil. Kesho sitakuja kupakua lori." Akaigusa nyonga yake. "Naumwa. Ndiyo, mimi. Nyonga."

Alisikiliza swali la bosi, Lorna akitazama mbele.

"Tangu mwaka themanini na sita," Virgil alisema.