Macho ya Ukoo wa Hwang

Tangu Pil-rye aanze kupoteza uoni, mdogo wake Eul-sun hakumpa nafasi ya kupumua. Walikuwa wajane wawili, nyumba moja, meza moja ya kuuzia kimchi, ile kabichi ya kuchachusha kwa pilipili, katika soko la Yeosu, Korea, na kila asubuhi mdogo ndiye aliyeanza dhihaka.

"Dada, hilo unalolisalimia ni gunia la chumvi. Watu wako huku!"

Wateja walicheka. Pil-rye akakunja uso, akaendelea kupaka kabichi pilipili kwa kupapasa.

Daktari wake wa macho, Bwana Noh, aliomba ndugu naye apimwe damu. Eul-sun alikwenda akijigamba kuwa yeye mzima. Daktari akamweleza taratibu: kuna jeni la kuwatuliza askari wa mwili, wale wanaopambana na maradhi. Katika ukoo wao jeni hilo lina hitilafu. Askari hawatulii, na uzee ukiingia wanaunguza nyuma ya jicho.

"Dada yako amerithi nakala moja mbovu. Wewe, mama, unazo mbili, ya baba na ya mama. Si lazima uugue, ila hatari yako inapita yake. Acha sigara. Na siku ukiona mistari iliyonyooka inapinda, njoo siku hiyo hiyo. Sindano husaidia ikiwahi."

"Kasemaje daktari?" Pil-rye akamuuliza nyumbani.

"Kasema damu chafu ni yako peke yako."

Msimu wa kabichi ulipofika, fremu ya mlango ilipinda. Eul-sun akafumba jicho moja, ikanyooka. Akafumba la pili, ikapinda tena. Alijua. Lakini kwenda hospitali kungekuwa kumpa dada yake kicheko, na hilo hakuliweza. Akawasha sigara, akazidisha dhihaka.

Alipokwenda hatimaye, jicho la pili nalo lilikuwa limeharibika. Bwana Noh akatikisa kichwa. Makovu yalikuwa yameshajengeka.

Walipokaa kula, akamweleza dada yake. Pil-rye hakushtuka.

"Najua. Tangu msimu wa kabichi unanitazama kwa upande, kama kuku. Nami ndivyo ninavyotazama tangu katikati paingie giza, sasa nisikujue?"

"Ulijua? Mbona hukuniambia niende? Dada!"

"Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe." Pil-rye akavuta bakuli lake la wali. "Na kungoja kulikuwa kutamu, mdogo wangu."

Eul-sun akanyoosha mkono, akipapasa meza kutafuta kijiko. Pil-rye akakisogeza mbali, akaanza kula.