Shahidi wa Safari ya China

Mama Edina, bosi wangu, hakuacha kwenda China kwa sababu ya kuchoka na biashara. Magoti ndiyo yalikataa. Mara ya mwisho alishushwa kwenye ndege kwa kiti cha magurudumu, akasema hatapanda tena hata akiota mabawa yake mwenyewe.

Duka letu la viatu vya watoto liko Tunduma, karibu na mpaka. Wateja wetu wengi ni kina mama wa Nakonde, upande wa Zambia. Wanaingia, wanasalimia "Muli shani, ba mayo," wanabonyeza soli kwa kidole gumba, kisha wanaondoka na mzigo wa kwenda kuuza kwao. Viatu vyenyewe hutoka Guangzhou, kule China. Wenzetu huagiza kwa mawakala, lakini Mama Edina aliagiza mara moja tu akaletewa gunia zima la mguu wa kushoto. Tangu siku hiyo hanunui kitu ambacho hakijashikwa kwa mkono.

"Yunisi," aliniambia mwezi wa pili, "ama uende wewe, ama nifunge duka nirudi Ileje kwa mwanangu nikaitwe bibi. Njia ya tatu sina."

"Mama, mimi niliishia darasa la tano."

"Kwani ndege utaiendesha wewe?"

Nilicheka, halafu nikaogopa, maana niliona kwamba natamani kwenda. Mimi ni mtu wa kunyamaza. Mteja akinikazia macho tu, bei nimeshapunguza. Lakini nilijua duka likifungwa nitarudi Msangano, kwenye mashamba ya mpunga ya kaka yangu, nikale chakula cha wifi yangu pamoja na maneno yake. Kwa hiyo nikasema nitakwenda.

Tukaanza kuipanga safari. Mchana wateja wakipungua, Mama Edina alinyoosha miguu yake juu ya boksi na kunifundisha. Ndege ya kwanza unapanda Dar, unabadilisha Addis. Ukipotea uwanjani, simama ukutani, usisimame katikati ya watu. Beba karanga. Usimkabidhi mtu mkoba hata akiwa na msalaba shingoni.

Muuzaji wake wa kule, dada mmoja anayeitwa Lin, alinitumia video. Alikuwa ametembea kutoka kituo cha treni ya chini ya ardhi hadi kwenye kibanda chake, simu akiwa ameielekeza mbele, ili nione pa kukata kushoto, pa kupanda ngazi zinazokwenda zenyewe, na duka la tambi lililo kwenye kona. Niliitazama mpaka nikaijua. Kilichonifurahisha ni kwamba njia nzima haikunidai nimuulize mtu kitu.

Maneno nayo nilijifunza. "Tai gui le" ni kusema bei iko juu mno. Nilikuwa nayasema nikifagia.

"Mchina gani atakusikia hivyo?" Mama Edina alinifokea. "Sema kama unafukuza mbuzi kwenye mahindi!"

"Tai gui le!"

"Mbuzi bado anakula."

Ikabaki pasipoti. Huku kwetu mpakani watu huulizwa zaidi, na si ajabu, maana sisi Wanamwanga tuko pande zote mbili, na mstari wa mpaka ulipita katikati ya ndugu. Siku ya kwanza ofisini, afisa aliniuliza babu yangu mzaa baba alitokea wapi. Nilijua jibu. Sauti ndiyo haikutoka. Afisa alisubiri, kisha akasema kwa upole, "Binti, rudi na mzee wa upande wa baba aje akutolee ushahidi."

Baba yangu alishafariki. Aliyebaki ni kaka yake, Baba Mkubwa Yesaya, mzee wa kanisa kule Msangano.

"Mwambie aseme kwa kifupi," Mama Edina aliniagiza. "Mtoto kazaliwa Msangano, kakulia Msangano, mimi ni baba yake mkubwa. Basi, akae. Asianze historia."

Niliitikia. Lakini mtu anamwambiaje baba yake mkubwa la kusema na la kuacha? Alifika na basi la asubuhi, amevaa koti lake la meza ya Bwana na tai ya kaka yangu. Tulitembea mpaka ofisini, na njia nzima nilikuwa natafuta pa kuanzia kumwambia.

"Baba mkubwa."

"Ee, mama."

"Pale... watauliza maswali."

"Na waulize. Mimi sina la kuficha."

Nikawa nimemaliza.

Afisa alimkaribisha kiti, akamuuliza jina na uhusiano wake nami. Sasa kwetu, mtu mzima akiulizwa yeye ni nani mbele ya wageni, kutaja jina tu ni kama kuingia nyumbani kwa mtu bila kubisha hodi. Huanza na makaburi. Hutaja babu zake wamelala wapi, ndipo ajulikane kwamba si mtu wa kuokotwa. Baba mkubwa hakukaa. Alisimama, akafunga kifungo cha koti.

"Mimi ni Yesaya. Baba yangu amelala ng'ambo ile, ukivuka, nyuma ya shule. Babu yangu amelala hapohapo, miguuni pa baba yangu. Makaburi yetu yana uzio. Mtu yeyote wa Nakonde ukimuuliza atakupeleka."

Afisa aliinua kichwa. "Ng'ambo ni Zambia, mzee?"

"Ndiyo mnakoita hivyo. Sisi tulikuwa tunakwenda kupalilia makaburi na kurudi kabla chakula hakijaiva."

"Na wewe ulizaliwa wapi?"

"Hukohuko! Kitovu changu kiko huko, na cha marehemu mdogo wangu, baba wa huyu." Alinigusa bega. "Msangano tulifuata ardhi ya mpunga, tukiwa watu wazima."

Nilitazama sakafu. Nilitaka kukohoa, nimkanyage mguu, lolote. Afisa akauliza taratibu, "Na mama wa huyu binti?"

"Mwanamke wa heshima yule! Tulimwoa hukohuko ng'ambo, kwa ng'ombe, tena hatukubakiza deni."

Kila alichosema kilikuwa kweli, na alikisema kwa uso uliojaa nuru. Afisa aliandika mpaka mwisho, akaweka kalamu chini.

"Mzee, asante. Umetusaidia sana."

"Ni wajibu wangu."

Kisha akanigeukia mimi, akapunguza sauti. "Binti, kwa hali hii ombi linasimamishwa. Lazima uraia wa wazazi wako uchunguzwe kwanza."

"Mpaka lini?" Niliisikia sauti yangu, ndogo.

"Siwezi kukudanganya. Kuna wanaongoja miaka. Na usivuke tena kienyeji kama mlivyozoea, jina lako sasa liko hapa."

Nje baba mkubwa alipumua kwa furaha. "Umeona alivyoandika? Hakuacha neno."

"Nimeona, baba mkubwa."

"Mtu akisemewa vizuri, milango hufunguka."

Dukani Mama Edina alikuwa mlangoni. Baba mkubwa alimsimulia yote, uzio wa makaburi, kitovu, ng'ombe. Mama Edina alisikiliza akishika nguzo. Alinitazama mara moja tu. Kisha akasema, "Karibu chakula, mzee. Umetoka mbali."

Alikula wali na maharage, akanawa, akasema hawezi kuondoka bila kuikabidhi safari kwa Mungu. Aliniwekea mikono kichwani. Aliomba kwa Kinamwanga, kwa sauti ya kanisani. Aliombea ndege isitikisike. Aliombea mioyo ya Wachina ilainike kwenye bei. Aliomba nirudi na viatu vya miguu yote miwili. Mwanamke wa Nakonde aliyekuwa akichagua ndala aliinamisha kichwa mpaka mwisho. Mama Edina ndiye wa kwanza kusema amina.

Baba mkubwa alipotoka kwenda kununua dawa ya meno, Mama Edina aliniuliza, "Hajui?"

"Hajui."

"Usimwambie." Alikaa, akajisugua magoti. "Jumatatu nitamjulisha mwenye chumba hiki kwamba nafunga. Nisamehe, mwanangu. Kungoja miaka siwezi."

Nilimsindikiza baba mkubwa stendi. Alipata kiti cha dirishani, akafungua kioo.

"Yunisi, ukiwa huko nitafutie miwani ya kusomea. Nasikia kule imejaa kama kokoto."

"Ndiyo, baba mkubwa."

"Ya kizee. Isiwe ya urembo."

"Nimesikia."

Basi liliondoka kuelekea Msangano. Nikarudi dukani kumsaidia Mama Edina kushusha viatu kwenye misumari na kuvipanga kwenye meza ya bei ya kumaliza mzigo.