Saa Saba ni Saa Saba

…saa saba kasoro dakika ishirini na mbili, ile saa ya kwenye dashibodi haina haraka na mtu, na mlingoti wa geti umelala pale pale mbele ya boneti, mwekundu, mweupe, mwekundu, Noreen ameshaihesabu ile mistari mara nne na kila mara inatoka tisa, na Clifford pembeni yake anauliza tena, "Saa ngapi sasa?" kwa sauti ya mtu anayeuliza kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, naye anamjibu, "Bado kidogo, mzee wangu," kwa sauti ya mtu anayejibu kwa mara ya kwanza, maana daktari alimwambia asionyeshe kuchoka, daktari mwenyewe alikaa nao dakika kumi, angepanda naye gari hili kutoka Burnley mpaka hapa kambini Kiln Beck tungeona kama asingechoka… na mvua nayo si mvua, ni manyunyu yale ya Machi yasiyojua kunyesha wala kuacha, akizima waipa kioo kinaziba, akiziwasha zinalia, bora ziliapo, na nyuma yao karavani, nyumba yao ya magurudumu, miaka thelathini na moja Clifford ndiye aliyeikokota na Noreen ndiye aliyeshika ramani na kutoa pipi, leo ameikokota yeye, bibi wa miaka sabini na mmoja aliyejifunza mwezi jana kwenye maegesho ya duka la samani, kwenda mbele anaweza, kona anaweza kama ni pana, kurudi nyuma ndiyo hajui kabisa, akikata usukani kulia karavani inakwenda zake kushoto, kwa hiyo hata aambiwe ageuze hawezi, na sasa nyuma yake wamejipanga wengine wawili kwenye hiki kijia chenye kuta za mawe pande zote, mbele geti, nyuma watu, basi, kazi kwisha… angemshusha Clifford amtembeze kwa miguu mpaka kijitoni, aliwaza hilo dakika ile ile alipofika, lakini magoti yake, na matope, na trekta linalozunguka uwanjani, na Gavin wa getini amesema hata kwa miguu haingii mtu.

Gavin! Kijana aliyekula pai zake miaka miwili mizima. Hesabu yake yote Noreen aliijenga juu ya Gavin, na hapo ndipo alipojikaanga mwenyewe, alijua fika kwamba siku ya ufunguzi haingii mtu kabla ya saa saba mchana, nani ajue kama si yeye, kibao kile pale ukutani kilipakwa rangi na mumewe, lakini alijiambia, nikifika mapema Gavin atachungulia dirishani, atamwona ni Clifford, aliyekuwa msimamizi wa kambi hii misimu kumi na miwili, aliyemfundisha kazi, atainua mlingoti na kugeuka pembeni kama hakuona kitu. Akaja kweli, koti lake la njano linachuruzika maji, akachungulia, akamwona Clifford, akatabasamu mpaka macho yakamlegea, akasema, "Bi Noreen, nawe mama, unanitia majaribuni! Siku ya kwanza hii, mabomba ndiyo kwanza yanafunguliwa, nikikufungulia wewe hao wa nyuma nitawaambia nini?" naye akasema, "Dakika kumi tu, mwanangu, akae kando ya maji, dakika kumi, sitashusha hata kiti," akaisikia sauti yake mwenyewe inavyoomba, sauti ya mtu asiyejua foleni ni nini, na Gavin akajikuna shingo, akasema, "Unajua nani alinifundisha haya," na kabla Noreen hajapata neno Clifford alishashusha kioo chake, mvua ikaingia, akapaza sauti, "Hapo hapo, kijana! Usilegee! Saa saba ni saa saba!" kwa ile sauti yake ya zamani, ya getini, kavu, sauti ambayo Noreen hakuisikia tangu Krismasi, na Gavin akacheka, akapiga saluti, akarudi kibandani kwenye kikombe chake. Ningemwambia nini hapo, anawaza, ningemwambia vipi na mwenyewe amekaa hapa anasikia, kwamba akili ya Clifford siku hizi ina saa zake kama duka la kijijini, asubuhi imefunguliwa, ikifika mchana mwenyewe anaanza kuteremsha mapazia, ikipita saa saba ni bahati yako, ikifika saa nane unagonga hakuna mtu, na kwamba ndiyo maana nimeamka gizani, nikakata sandwichi za mayai, nikaijaza chupa ya chai, nikamvisha soksi mbili mbili, si kwa ajili ya kuwahi kiwanja chetu kando ya kijito, kiwanja wakichukue, ila namtaka yeye, namtaka nusu saa akiwa mwenyewe.

Kwa sababu alimwahidi. Miaka miwili iliyopita, wiki ile walipopewa jina la ugonjwa, walikuwa hapa hapa Kiln Beck, viti viwili kando ya maji, Clifford akamwagia samaki chai iliyopoa, akasema bila kumtazama, "Ikifika siku ya kunipeleka kule kwa wazee, uniulize. Usinipeleke kama fenicha. Uje uniulize hapa, nikiwa na chai mkononi, na nikisema sawa ni sawa," naye akasema, "Mambo gani hayo unaongea," akasema, "Ahidi, bibie," akaahidi. Na Alhamisi simu ikapigwa, yule mama wa nyumba ya wazee mwenye sauti laini, chumba kimepatikana, kinatazama bustani, jibu tafadhali Jumatatu kabla ya saa sita, na Alison binti yao akasema, "Mama, kubali, utaanguka wewe kwanza, na ukianguka nani atakuokota, Baba?" na ni kweli, juzi alimkuta Clifford jikoni anawasha gesi bila moto, amesimama anaisikiliza inavyotoa sauti, leo Jumamosi, Jumatatu ni keshokutwa, na ni hapa tu, na ni mchana huu tu, na mlingoti una mistari tisa.

"Nani hawa?" Clifford anauliza. "Wapi?" "Hawa, nyuma yetu," na anaonyesha kwa kidole kioo cha pembeni, na Noreen anainama kutazama, akidhani ni yule bwana wa karavani ya pili anayepiga honi, lakini kwenye kioo kile hakuna bwana, kuna karavani yao wenyewe, ubavu wake mweupe na mstari wa buluu ambao Clifford aliupaka mwenyewe kiangazi kile cha joto… "Wamekuja mapema," anasema, amechukia kweli kweli, "hawajui kusoma? Nenda kawaambie wageuze, warudi barabarani wakangoje huko," na Noreen anasema, "Nitawaambia," kicheko kinampanda kooni na kinageuka kitu kingine njiani, akakimeza, maana ukianza hapa unamalizia wapi, waipa zinalia zenyewe zinatosha. Wageuze! Na hapo ndipo anapomwona akilini, yule mwanamke wa gari jekundu, hakuitwa na mtu, kaja mwenyewe, miaka tisa iliyopita, siku kama hii, mvua kama hii, alifika kwenye saa saba kasoro ishirini hivi, peke yake kwenye usukani, na pembeni yake mama mzee aliyefungwa blanketi mpaka kidevuni, mdomo wazi, na Clifford akatoka kibandani na ubao wake wa karatasi, akaonyesha kibao, akaonyesha saa yake ya mkononi, akaonyesha barabara, hakumtukana, hakupandisha sauti, Clifford hakuwahi kumtukana mtu, sheria tu, na yule mwanamke akafungua mdomo aseme kitu, akamtazama mama yake, akafunga… alitaka kusema nini, miaka tisa Noreen hakujiuliza hata siku moja alitaka kusema nini, leo anajua neno kwa neno. Akaanza kurudi nyuma, naye hakujua kurudi nyuma, karavani ikakwangua ukuta wa mawe kwa mlio mrefu, mara ya kwanza, mara ya pili, na Noreen alikuwa wapi? Alikuwa mlangoni pa kibanda, na kikombe mkononi, na koti la kazi, mke wa msimamizi, akawaambia wale waliosimama naye, "Watu wengine hata kusoma shida," wakacheka, akacheka, alijisikia mtu siku ile, eti. Hawakurudi saa saba. Hawakurudi kabisa. Na jioni Clifford aliacha nusu ya pai yake kwenye sahani, yeye asiyeacha hata chembe, Noreen akampa dawa ya tumbo.

Aibu inamchoma masikioni kama amepigwa kofi… saa saba kasoro kumi na sita, trekta limezimwa, kimya, sasa kinasikika kijito kule nyuma ya miti, kumbe kipo karibu namna hii, mtu angerusha jiwe.

"Noreen."

Si kuuliza saa. Jina lake. Mara ya mwisho kuliitwa ni Jumanne. Anageuka, na macho yale ni ya kwake, ya Clifford mwenyewe, amerudi, amekaa mle ndani kana kwamba hakuwahi kutoka, anamtazama, anatazama usukani, anatazama mikono yake juu ya usukani. "Umeendesha wewe?" "Mimi." "Mpaka hapa? Na kile kilima?" "Gia ya pili, kama ulivyokuwa unafanya wewe." Anatikisa kichwa polepole, anacheka puani, "Haya mambo. Na kurudi nyuma?" "Kurudi nyuma ndiyo sijui." "Hakuna anayejua," anasema, "watu wanajifanya tu," halafu anamwekea mkono juu ya mkono, wa moto, mzito, na anasema, "Una jambo wewe. Nakuona toka asubuhi. Kuna kitu unataka kuniuliza," na Noreen maneno yote anayo, ameyapanga usiku kucha, kuna chumba, kinatazama bustani, nitakuja kila siku, sema sawa au sema hapana… na macho yake yakaenda kwenye saa, yenyewe, hakuyatuma, kasoro kumi na nne, na akili ikamwambia kando ya maji, akiwa na chai mkononi, ndivyo alivyotaka, ndivyo ulivyoahidi, fanya sawasawa, dakika kumi na nne tu, akasema, "Tukishaingia. Tukishakaa kando ya maji, nikupe chai yako, ndiyo nikuulize."

"Sawa," akasema Clifford, "ulivyoona wewe," na akaendelea kumtazama kidogo, kwa upole, kama mtu aliyeambiwa arudi baadaye na hana uhakika kama ataweza. Halafu mkono ukaondoka. Ukaenda kwenye kifungo cha koti, ukakizungusha, ukakizungusha, na Noreen anakijua kifungo kile, anakujua kule kuzungusha, akasema haraka, "Clifford, ngoja, nikuulize sasa, Clifford, kuna chumba…" akamshika mkono ule, akauminya, naye akamgeukia na sura ya adabu, sura ya kumpokea mgeni, akasema, "Saa ngapi sasa?"

Kasoro kumi na mbili… chai ilikuwa hapa. Hapa, miguuni pake, kwenye kikapu, chupa imejaa, angemimina, angempa mkononi, kijito kinasikika, ilibaki nini, kiti? Amekuja Clifford mwenyewe mpaka getini kwake, wakati wake, kabla ya wakati, na yeye amemwonyesha kibao. Si Gavin. Gavin ana mlingoti, na mlingoti una saa yake ya kuinuka, utainuka, watu wataingia, watatandika mazulia, watachemsha maji, na yeye ataingia pamoja nao, atamkalisha kando ya maji, atamfunga blanketi mpaka kidevuni, atamuuliza swali lake polepole na kwa sauti, na atajibiwa saa ngapi sasa. Na Jumatatu atapiga simu mwenyewe. Atasema ndiyo. Analijua hilo sasa kama anavyojua jina lake, kama fenicha, kama alivyomwomba asifanye, na analia, hana hata nguvu ya kujificha, machozi yanashuka tu na waipa zinafuta kioo kisicho na shida, na ajabu ni kwamba hataki tena saa saba ifike, anaitazama ile saa ya dashibodi na kuiomba ikae, ikae hapo hapo kwenye kumi na mbili, maana hapa getini bado hajamuuliza, hapa bado ni mume wake na wamewahi tu kufika. Ikabadilika kuwa kumi na moja.

"Yule mwanamke bado yupo?" Clifford anauliza, anatazama kioo cha pembeni, amekikaribia mpaka pumzi yake imekitia ukungu kioo cha mlango. "Yupi?" anasema Noreen, anajipangusa kwa mkono wa sweta. "Yule. Analia. Ana mgonjwa mle ndani, nimemwona mimi, mama yake." Na uso wake umekunjamana, anatafuta kitu mfukoni, mfuko huu, mfuko ule, anatafuta funguo ambazo alizirudisha miaka saba iliyopita kwa sherehe na keki. "Mfungulie, Noreen. Nilikosea. Mfungulie apite, nani atajua." Kule kibandani Gavin amewapa mgongo, anapuliza chai yake. "Umemfungulia?"

"Nimemfungulia," anasema Noreen, na mlingoti umelala pale pale.