Luvanda Anauliza Kama Nipo

Usiku wa jana niliota mgongo wangu umeamka kabla yangu. Nilipofumbua macho niliukuta umeketi mezani, umevaa koti langu la mvua, unakunywa uji. Mimi nilikuwa bado kitandani, nimelegea kama shati lililotolewa kwenye beseni, sina hata cha kunisaidia kugeuza shingo.

"Shikamoo," nikasema. Ulikuwa umenuna, na mimi asubuhi sipendi ugomvi.

"Marahaba," ukajibu upesi mno.

Hapo nikaudhika. "Tumezaliwa siku moja sisi. Marahaba ya nini?"

"Nani amembeba mwenzake miaka yote hii?" mgongo ukauliza.

Nikaona hiyo marahaba niiache ilivyo.

Lazima nieleze kidogo, maana ndoto hazijui kumtambulisha mtu. Mimi ni mpandisha magunia katika ghala la kiwanda cha chai, huku Mufindi. Mwaka jana rundo la magunia liliporomoka na mimi nikiwa chini yake. Nikapelekwa Dar es Salaam, nikafanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo, nikarudi na vyuma viwili na skrubu sita ambazo sikutoka nazo nyumbani. Tangu hapo Mfuko wa fidia unanilipa nikiwa nimekaa, na sina la kuulalamikia. Sasa daktari amesema nirudi kazini, ila kazi nyepesi: nisinyanyue zaidi ya kilo tano, nisikae sana, nisisimame sana, nisiiname. Maana yake nitakaa kwenye stuli kando ya mizani, nisome uzito wa magunia, huku mwenzangu Luvanda akinyanyua na mtu mwingine.

Jana jioni, mkesha wa siku ya kurudi, nilimwambia mke wangu Leokadia kwamba sirudi. Bora niitwe mgonjwa kuliko kuitwa mtazamaji. Leokadia hakubishana. Alinipa fulana nyeupe safi ya kulalia, akapiga pasi ovaroli yangu, akaitundika mlangoni, akalala.

Basi, mgongo ukamaliza uji, ukafuta mdomo ambao haukuwa nao. "Mimi naenda kazini," ukasema. "Wewe je?"

"Mimi siendi."

"Baki salama."

Skrubu sita zilikuwa zimekaa kwenye benchi karibu na mlango, zimebana magoti. Nikaziuliza kama zinaona ni haki mgongo wa mtu kuondoka peke yake namna hiyo.

"Sisi ni wageni," zikajibu kwa Kiswahili cha redioni. "Mambo ya ndani hatuyaingilii." Zikainuka, zikaufuata.

Sikuwa na la kufanya. Nikajikunja mara mbili, nikajitia kwenye ndoo, nikajibeba. Katika ndoto hilo halikuwa na utata wowote.

Mlangoni nakuta mizani. Ni ile ile ya ghalani, ya sahani kubwa ya chuma, imekaa kizingitini na imevaa tai. "Kilo tano," inasema. "Zaidi ya hapo hupiti."

"Nimejibeba mwenyewe tu."

"Wewe mwenyewe ni kilo sitini na nne. Hairuhusiwi. Una nini kingine?"

Inanipekua. Inapata salamu ya jirani ambayo sikuifikisha, inaipima, inanirudishia. Inapata kicheko cha binti yangu Vumilia. Hicho hakitikisi hata mshale, inasema nikae nacho karibu. Kisha inaniambia nifungue mdomo, na chini ya ulimi inalikuta lile neno nililomwambia Leokadia jana. Sirudi. Inalivuta kwa mikono miwili, linaanguka kwenye sahani kwa kishindo mpaka vikombe vinalia kabatini.

"Kilo ishirini na mbili," mizani inasema. "Ulilala na kitu hiki?"

"Nililala nacho."

"Na mgongo huo wa vyuma?"

"Ndiyo."

Mizani inatazama ndani, kitandani, mahali Leokadia amelala upande wa ukutani. Inashusha sauti. "Yeye alilishika upande wa pili usiku kucha. Ndiyo maana halikukuponda."

Nilimwangalia mke wangu. Kweli, mkono wake ulikuwa umenyooka juu ya shuka, kiganja kimetazama juu, umechoka. Nilitaka kurudi niushike, lakini chumba kilikuwa kimeshakuwa ofisi ya Mfuko, na jina langu lilikuwa linaitwa.

Jopo la madaktari lilikuwa mabirika matatu. Mwenyekiti alikuwa birika kuu la bati, kifuniko chake kimefungwa kwa kamba ya katani. Kila walipotaka kushauriana walimiminiana.

"Keti, Bwana Mligo."

Niliketi. Kiti kikasimama. "Samahani," kikasema, "umekaa sana." Niliposimama, sakafu ikainuka ikanisukuma nikae, nayo ikaomba radhi kwa kuwa nimesimama sana. Tuliendelea hivyo muda mrefu, kila mmoja na adabu zake.

"Tumekukagua," mwenyekiti akasema, mvuke ukimtoka. "Asilimia sabini yako itakwenda kazini. Thelathini itabaki nyumbani. Chagua."

"Nichague nini?"

"Kipi kiende, kipi kibaki. Usitucheleweshe, tunapoa."

Basi nikaanza kujigawa. Mikono iende. Macho yaende, kwa ajili ya mizani. Magoti yabaki, hayajawahi kunisaidia kitu. Nikasema hasira nazo zibaki; birika la pili likakataa, likasema haziwezi kuachwa nyumbani na mtoto. Nikasema basi ziende. Likakataa, likasema kule kiwandani kuna boila la mvuke, zitalipuka. Tukabishana sana juu ya hasira, mpaka zikaona aibu zenyewe zikatoka nje. Katika purukushani hiyo sauti yangu ikaangukia kwenye ile thelathini, na hakuna aliyegundua. Niligundua mimi nilipotaka kusema asante.

Nilipotoka mlangoni kwa Mfuko niliingia moja kwa moja ghalani.

Hapa nieleze jambo moja la kazi yetu. Gunia la chai linateleza, kwa hiyo tunapaka viganja jivu la boila, ambalo tunaliweka kwenye kopo. Na feni za kukaushia majani zinapiga kelele mno, huwezi kujua kama mwenzako yuko tayari kwa kumsikiliza tu. Kwa hiyo kabla ya kunyanyua, mmoja humpiga mwenzake mgongoni viganja viwili, akamwuliza kwa nguvu: "Upo?" Mwenzake hujibu: "Nipo." Bila jibu gunia halinyanyuki, hata Meneja awe amesimama hapo na saa mkononi. Hakuna aliyetufundisha. Ndivyo tulivyowakuta waliotutangulia wanafanya.

Ghala limejaa mpaka darini. Magunia yamekaa muda mrefu hivi kwamba chai imechipua, imetoboa gunia, imekuwa miche, na wanawake wawili wenye vikapu wamepanda juu ya rundo wanachuma. Dereva wa lori amefuga ndevu zinazofika kwenye usukani. Meneja amepiga magoti.

"Luvanda, ndugu yangu, lori linasubiri."

"Hajaitika," Luvanda anasema.

Ni yeye kabisa, na shingo yake fupi, na ule mkono wa kulia ambao kidole chake cha mwisho kilichukuliwa na mashine ya kusokota majani kabla hatujafahamiana. Mbele yake, kwenye nafasi yangu, amesimama mgongo wangu ndani ya koti la mvua. Luvanda anachovya viganja kwenye kopo la jivu. Anaupiga mgongo, pa, pa. "Upo?"

"Mgongo upo," mgongo unajibu kwa uaminifu. "Mwenyewe hayupo."

Luvanda anakung'uta mikono, anakaa juu ya gunia, anasubiri. Baada ya muda anainuka, anachovya tena, anauliza tena. Nikaona sakafuni jivu alilokung'uta. Lilikuwa limefika magotini. Alikuwa akiuliza hivyo tangu nilipoangukiwa.

Nilisimama nyuma ya nguzo na ndoo yangu. Nilitaka kuitika, nikafungua mdomo, hapakutoka kitu. Sauti ilikuwa imebaki nyumbani na magoti. Sijawahi kuogopa hivyo maishani, hata yale magunia yalipokuwa yanakuja. Niliogopa kwamba Luvanda atachoka. Atachovya mara ya mwisho, atauliza, kisha ataweka kopo chini na kuvaa koti lake.

Mgongo ukageuka ukaniona. Ukaja taratibu, ukaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, ukatoa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa.

"Nimeipitia nyumbani," ukasema. "Nilijua utaisahau. Shika sauti yako."

Niliimeza. Ilikuwa na ladha ya uji wa tangawizi.

"Mligo," Luvanda akasema aliponiona. "Mbona uko kwenye ndoo?"

"Nimepungua."

"Naona."

"Luvanda, sitanyanyua tena." Nilipoanza sikuweza kunyamaza. "Nitakaa kwenye stuli nisome namba. Utanyanyua na mtu mwingine, mimi nitakuwa nakutazama tu. Watu watapita wataniona nimekaa, na wewe jasho linakutoka. Nitakuwa mzigo pale."

Luvanda alifikiri, maana si mtu wa haraka.

"Wa kunyanyua wapo tele," akasema. "Wamejaa pale getini. Mimi nimekuuliza kunyanyua?"

"Hapana."

"Nimekuuliza nini?"

"Umeniuliza kama nipo."

"Basi."

Nikalia. Wale wachumaji juu ya rundo wakageuza nyuso kwa heshima, na dereva akajifunika ndevu.

"Sogea," mgongo ukasema, ukavua koti. Ukaingia kwa nyuma, chini ya fulana, ukapanda pingili moja moja, ubaridi ukanipanda nao mpaka kisogoni. Nikawa nimesimama nje ya ndoo bila kujua nimetokaje. Nyuma yake nikasikia sauti ndogo sita za redioni.

"Hodi."

Nilishangaa. "Si mmeshakaa humu tangu mwaka jana?"

"Tumekaa," skrubu zikajibu. "Lakini kila siku tunapiga hodi, hatujawahi kukaribishwa."

Ni kweli. Nilikuwa nimezilaani asubuhi, nimezilaani jioni, nimeziita vyuma chakavu mbele ya mwanangu. Hata Leokadia akitaka kunipaka mafuta kwenye kovu nilikuwa nageukia ukutani ili asilione. Zimenishikilia tu hivyo hivyo.

"Karibuni," nikasema. "Karibuni ndani. Poleni na safari."

"Tumeshapoa," zikasema, moja moja, kila moja ikiingia mahali pake. Ya mwisho ilisita kidogo, ikasema, "Asante, baba."

Meneja akainuka akipangusa magoti. Mizani ikavua tai, ikaja kukaa kando ya stuli, ikanipangusia sahani yake kwa mkono kama mtu anavyompangusia mgeni kiti vumbi. Lori likawashwa. Mahali fulani mtu alikuwa ameshalishika gunia upande mmoja. Sikuona ni nani wala sikujali. Luvanda akaja nyuma yangu. Nikasikia viganja vikizama kwenye kopo.

Pa, pa.

"Upo?"

"Nipo," nikasema.

"Najua upo," Leokadia akajibu. "Ungekuwa wapi?"

Kulikuwa kumekucha. Ukungu ulikuwa umeegemea dirishani, ovaroli iko mlangoni ilipotundikwa, na Vumilia anaimba peke yake uani akipiga mswaki. Leokadia amesimama na kikombe cha uji, mkono wake mwingine anaukunja na kuukunjua, analalamika kwamba umekufa ganzi, sijui aliulaliaje.

Nilikaa kitandani kwa kubingirika upande, walivyonifundisha hospitali. Nikampa mgongo mke wangu, bila kufikiri, ili aniwekee mto.

Hakuweka mto. Aliivuta fulana akaitazama.

"Baba Vumilia," akasema, "fulana hii si nilikupa jana usiku ikiwa safi?"

"Ulinipa."

"Sasa hii ni nini?"

Akanisaidia kuivua, maana mikono bado haipandi vizuri, akaitandaza juu ya shuka. Katikati ya mgongo, mkabala na kovu, kulikuwa na viganja viwili vya jivu, vya mtu mzima, vimekaa sawasawa. Nyumbani kwetu hakuna jivu. Tunapikia gesi tangu nilipokatazwa kupasua kuni.

Leokadia aliweka kiganja chake juu ya kile cha kulia. Chake kilikuwa kidogo, kikaingia chote ndani. Akakiondoa, akahesabu polepole, akahesabu tena.

"Huyu kidole chake kimoja kiko wapi?" akauliza. Akaishika fulana kwa ncha, anataka kuipeleka kwenye beseni.

"Usiifue," nikamwambia. "Niletee viatu."