Vioo Vilivyokauka

Wenzake wa maabara walimwita Kimya, maana hata salamu aliitoa kwa kunong'ona. Asubuhi hiyo darubini ilimziba mdomo kabisa. Seli zilizotolewa kwenye ini la mama mmoja, fundi cherehani, zilikuwa zimevimba na kufifia kama wino ulioingia maji. Hazikusomeka.

Sababu aliijua. Juzi, daktari alipodunga uvimbe kwa sindano, mama yule alimkamata Kimya mkono akaung'ang'ania. Kazi ya Kimya ilikuwa moja tu: kuvitumbukiza vioo vyenye sampuli kwenye spiriti papo hapo, kabla havijapigwa na hewa. Roho ikamuuma kuunyofoa mkono, akauacha. Vioo vikakauka mezani, akiviona.

"Arudi adungwe tena," daktari alisema. "Pengine sindano yangu ilikosea."

Kimya akamwacha abebe lawama.

Mama akarudi, macho ya manjano, amezidi kukonda. "Miaka yote nadunga nguo za watu," alitania akijilaza, "sasa sindano imenigeuka!" Kisha akanyoosha mkono. "Njoo, mwanangu. Mkono wako ndio ulionitia nguvu."

Uso ukamwaka Kimya.

"Leo sikupi, mama. Juzi nilikushika, vioo vikakauka. Daktari hakukosea. Ni mimi. Unadungwa tena kwa ajili yangu."

Daktari alimkazia macho. Mama akatazama dari.

"Na dawa zinasubiri jibu hilohilo?"

"Ndiyo, mama."

"Na ulikuwa unaninyamazia!" Akashusha pumzi. "Haya, fanya kazi yako. Mimi nitashika hapa." Akakamata upindo wa koti jeupe la Kimya.

Sindano ikaingia. Koti likavutwa mpaka mshono ukaachia. Kimya hakugeuka, kioo baada ya kioo kikazama kwenye spiriti.

Safari hii seli zilionekana wazi, nazo hazikuwa za ini. Ndefu, zimebanana kwa safu, zilikuwa za utumbo mpana. Saratani ilikuwa imehama kutoka huko na kuweka makazi kwenye ini.

"Tutampelekea jibu pamoja," daktari alisema. "Na siku nyingine, niambie mimi kwanza."

Mama alikuwa amekaa kwenye benchi walipomfikia. Macho yake yakaangukia upindo uliofumuka.

"Aibu gani hiyo? Lete koti nikushonee."

"Baadaye, mama." Kimya akaketi kando yake, akampa mkono.

Mama akautazama ule mkono. Kisha akaushika.