Mbio za Juu ya Tuta

"Jumanne simba, Jumamosi paka. Mimi nikueleweje?"

"Hata mimi sijielewi, kocha."

"Basi kaa benchi ujielewe vizuri."

Jelmer alikichomoa mgongoni kidude cha kupima mbio, akamrudishia kocha Wiebren. Simu ya kocha, inayopokea vipimo vyake, ilikuwa imeshasema: mazoezini hakuna aliyechomoka, akafunga breki na kugeuka kumzidi Jelmer. Ila kwenye mechi, mpira ukipigwa mbele, beki anampita utadhani kasimama. Akikosa Jumamosi hii, winga mpya anaichukua namba yake, na pale klabuni namba ikishaondoka hairudi.

"Mimi si mvivu."

"Nani kasema mvivu? Unaogopa."

Jelmer akautazama uwanja. Msimu wote wa baridi walikuwa wakicheza wanne kwa wanne kwenye nusu uwanja, maana nusu ya pili ni ya timu ya wasichana. Magoli madogo, mistari imebanana. Hatua chache, breki. Hatua chache, breki. Hapa aliwahi kukimbia mpaka miguu ikafunguka? Hakukumbuka.

"Kocha, hapa mtu anakimbilia wapi?"

"Kwenye mpira."

"Ukianza tu kuchanganya miguu, goli hili hapa. Nipe hicho kidude nikajaribu kule juu ya tuta."

"Mechi haichezwi juu ya tuta."

"Wala kwenye nusu uwanja."

Wiebren akacheka kwa pua. "Mdomo wako ungekuwa winga, tungekuwa mabingwa. Haya, twende."

Tuta hilo la udongo, la kuzuia maji, lilinyooka kando ya mfereji. Kocha akasimama mbali, Jelmer akaanzia kwenye geti la kondoo wanaolishwa hapo. Mwanzoni miguu ilitaka breki, kama mbuzi aliyezoea kamba fupi. Akaikatalia. Upepo ukamsukuma mgongoni, kondoo wakatawanyika, na ndani yake kikafunguka kitu asichokijua. Akampita kocha, ndipo paja likamkamata.

Wiebren aliitazama simu, akaitazama tena.

"Kasi hii sijawahi kuiona kwako."

"Kwa hiyo Jumamosi naanza?"

"Paja vipi?"

"Limeshtuka. Halijazoea."

"Beki hatangoja lizoee. Unaweza kurudia?"

Jelmer alitaka kusema ndiyo, lakini hakujua, na kule kutojua kulimwasha kuliko paja. Akampa kocha mgongo, akaanza kutembea kurudi getini kujaribu tena, akichechemea kidogo, upepo sasa ukimpiga usoni.