Gari Lililovuta Kushoto

Sikukuu ya Idd, Luqmani alimfuata mama mkwe wake Pangani kumleta mtaani kwake Makorora amwone bintiye Sabra, na safari hiyo nusura imvunjie nyumba.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la rangi ya maziwa, na la zamani. Alilirithi kwa ami yake likiwa na kelele zake tayari. Usukani ulikuwa na plei, yaani unauzungusha, na magurudumu yanakaa kwanza yafikirie. Likishika kasi lilitetemeka kama lina homa. Na kila shimo, hata lile dogo la kuku kuogea vumbi, ulilisikia mpaka kwenye meno. Karibu na Kigombe waliingia mchepuko, Bi Mwatum akarushwa juu, kichwa kikagonga dari, gwaru! Alitengeneza buibui lake, akanyamaza mpaka Makorora. Na kimya cha mama mkwe, jamani, ni afadhali utukanwe.

Sasa mjue kwamba Bi Mwatum ni mtu wa mila za zamani. Kwake yeye mkwe wa kiume hatazamwi usoni, hakaliwi karibu, wala hasemeshwi ana kwa ana. Siku hizi wakwe wanapiga picha wamekumbatiana, yeye hayumo. Akiwa na neno kwa Luqmani humwambia Sabra, na Sabra humwambia mumewe, hata kama mume mwenyewe amesimama palepale na begi la Bi Mwatum mkononi.

Ndivyo ilivyokuwa siku hiyo. Bi Mwatum alishuka, akashika kichwa, akamgeukia Sabra, ambaye mimba yake ya kwanza ilikuwa imeanza kuonekana.

"Mwambie mwenzio, gari lake silipandi tena. Nilikuwa na nia ya kuja kukuuguza hapa hapa, lakini roho yangu naipenda. Utakuja kwetu ukazae Pangani, kama nilivyokuzaa weye kwa mama yangu. Yeye atamwona mtoto akishatoka arobaini."

"Mama, si anakusikia?"

"Mimi sisemi naye. Nasema na weye."

Luqmani alihisi moyo umemshuka mpaka kwenye kandambili. Yeye mwenyewe alizaliwa baba yake akiwa mbali, na mpaka leo hajui ni nani aliyemwadhinia sikioni, ile adhana ya kwanza ya mtoto mchanga. Wengine walisema imamu, wengine walisema mpita njia tu. Tangu siku Sabra alipomwambia ana mimba, alikuwa amejiapiza: huyu wa kwangu, sauti ya kwanza kumwita itakuwa yangu. Na sasa, kwa kisa cha shimo moja la Kigombe, aje amwone mtoto keshazoea kucheka na watu wengine?

Sabra akabembeleza kwa simu wiki nzima. Mwisho Bi Mwatum akalegeza kamba: gari likitulia, atakuja. Lakini litulie kweli, si maneno.

Luqmani ni fundi wa kushona kanzu, na ukitaka kumuudhi mwambie kuna kitu cha kupima na kukaza asichokiweza. Akasema gereji haendi, gari atalifungua mwenyewe uani. Jirani yake, Mzee Uweso, dereva wa lori mstaafu, aliposikia hivyo akahamisha kiti chake na birika la kahawa, akaja kukaa pale kama mtu aliyekata tiketi.

"Yakhe, hilo gari utalishonea na vifungo?"

"Wewe kunywa kahawa yako, mzee wangu. Utaniona."

Na kwa kweli, haki yake apewe. Alilipandisha gari kwenye jeki, akaweka na mawe chini kwa usalama, akashika gurudumu la mbele kwa mikono miwili na kulitikisa. Likacheza kama jino la mtoto. Akafungua zile ncha za vyuma vinavyosukuma magurudumu, akakuta zimelika, akafunga nyingine. Akabadilisha bushi za mbele, zile raba za kwenye vyuma, zilizokuwa zimepasuka kama visigino. Akafunga shokapu mbili za mbele, akatia grisi, akajaza upepo sawasawa. Kisha akafanya lililomchekesha Mzee Uweso mpaka kahawa ikampalia: akafunga uzi kutoka gurudumu la nyuma mpaka la mbele, akatoa chaki na futi yake ya kushonea, akaanza kupima magurudumu kama anayempima bwana harusi. Alikuwa na pini mdomoni, kwa mazoea tu.

"Na nyuma je?" Luqmani akauliza. "Hii springi ya kushoto naiona imelala kidogo."

"Achana na nyuma. Usukani uko mbele. Nyuma hufuata tu."

Wallahi, mtu aliyeendesha lori maisha yake yote anasema hivyo, nawe fundi kanzu utabisha? Luqmani akaiacha.

Siku ya kulijaribu, aliweka kikombe cha kahawa cha Mzee Uweso juu ya dashibodi, wakazunguka Makorora yote. Kahawa haikumwagika. Kwenye lami iliyonyooka Luqmani aliachia usukani kidogo, gari likaenda mbele kama limesoma madrasa. Akapiga kigelegele, mwanamume mzima.

Basi wiki chache kabla ya Sabra kujifungua, akaenda Pangani. Zuwena, mama mdogo wa Sabra, ndiye angepanda nao awe mpelekaji wa maneno, lakini yeye alikuwamo safari ya Idd. Alilitazama gari, akasema mgongo unamsumbua, akarudi ndani na kufunga mlango. Bi Mwatum akabaki na mkwewe, mabegi, kiroba cha nazi, na kuku wa supu ya mzazi akiwa ndani ya kikapu.

"Shikamoo mama," Luqmani alisema akitazama ukuta.

"Marahaba," Bi Mwatum aliujibu ukuta huohuo.

Akapanda nyuma, kushoto kabisa, pembe iliyo mbali zaidi na dereva. Luqmani naye, kwa adabu, akakigeuza kioo cha ndani kikatazama dari, wasije wakaonana macho. Sasa Bi Mwatum, Mungu ambariki, ni mwanamke aliyejaliwa. Alipoketi, gari lilishusha pumzi na kuinama upande wake.

Hawajatoka mjini, usukani ukaanza kuvuta kushoto. Luqmani akaurudisha. Ukavuta. Akaurudisha tena. Jasho likamtoka. Upepo? Alipima asubuhi. Uzi? Alipima hadi akaota.

Nyuma akasikia sauti.

"We kuku," Bi Mwatum alisema, "muulize huyo anayeendesha, mbona tunakwenda kwenye mikonge?"

Luqmani nusura aingie kwenye mikonge kweli.

"Kuku, mwambie mama, ni upepo wa pembeni."

"Kuku, mwambie sioni hata jani moja linalotikisika."

Kigombe akasimama, akalizunguka gari akipiga magurudumu mateke, kama wafanyavyo wanaume wote wasiojua tatizo liko wapi. Alipofika nyuma akaingiza mkono, akaipapasa ile springi ya kushoto, grisi ikamjaa vidoleni. Haikulala tu, ilikuwa imesinzia kabisa, na juu yake ameketi Bi Mwatum. Ndipo akapigwa na aibu ya ufundi wake. Kanzu hupimwa mwilini mwa atakayeivaa, kila mwanafunzi wake anaambiwa hivyo siku ya kwanza. Na yeye gari la kumpakia mama mkwe amelipima tupu!

Lakini utasemaje? Utamwambia mama wa mkeo kwamba gari limepinda kwa uzito wake? Bora umwambie limelogwa. Akakitoa kiroba cha nazi kwenye buti, akakiweka kiti cha nyuma upande wa kulia. Gari likainuka kidogo, kidogo tu.

Ndipo simu ikalia. Alikuwa Mzee Uweso, anapiga kelele utadhani anaongea na meli.

"Luqmani! Mkeo uchungu umemshika! Wanawake wako naye hapa, wanasema upesi!"

"Si bado wiki?"

"Mtoto haulizi wiki, yakhe! Njoo!"

Bi Mwatum alisikia kila neno. Gari likaondoka kwa kasi, na kadiri kasi ilivyoongezeka ndivyo lilivyotaka kuhama barabara. Luqmani alining'inia kwenye usukani kama anayevuta ng'ombe kamba. Lori likawa nyuma yao linapiga honi, na yeye halioni, kioo kinatazama dari. Alijiona anachelewa. Alimwona mtoto anazaliwa, na Mzee Uweso, kwa sauti ile ya kuita meli, anainama kumwadhinia. Hapo hofu ikaishinda aibu.

"Kuku," alisema, "mwambie mama aniwie radhi. Gari nililipima likiwa halina mtu. Upande wa kushoto springi imechoka."

Kuku alitoa kichwa kikapuni, akatazama huku na huku.

"Kuku, muulize anataka kusema mimi mnene?"

"Kuku, mwambie sikusema!"

"Kuku, mwambie yeye hakusema, gari ndilo limesema." Luqmani akasikia kiti kinalia, kiroba kinasukumwa, mabegi yanahama. "Haya kuku, sogea, nikae katikati. Na mwambie akigeuze hicho kioo kitazame barabara, heshima zake zitatuua."

Luqmani akakigeuza kioo. Lori akaliona. Na katikati ya kioo akauona uso wa mama mkwe wake, mara ya kwanza tangu aoe: una macho ya Sabra yaleyale, na umejaa hofu ileile aliyokuwa nayo yeye. Wote wawili wakaangalia pembeni haraka. Lakini gari lilikuwa limenyooka.

Makorora hawakuzima hata injini. Walimpakia Sabra mbele, wakaenda hospitali, na njia nzima Sabra alikuwa akiugua na kushangaa.

"Mama, mbona umekaa katikati?"

"Nyamaza uvute pumzi. Kuku, mwambie mumewe asikate kona kwa nguvu."

"Mama unasema na nani?"

Luqmani akakata kona polepole.

Kabla ya alasiri Bi Mwatum akatoka wodini na kitu kidogo kilichofungwa kwenye kanga. Luqmani aliruka kwenye benchi, akasimama mbali kama ilivyo desturi, akitazama sakafu. Bi Mwatum akatazama kushoto, akatazama kulia, akimtafuta mtu wa kumtuma. Sabra alikuwa amelala ndani. Manesi walikuwa na shughuli zao. Korido lilikuwa tupu.

"Na kuku tumemwacha garini," alisema.

Kisha akashusha pumzi, akamtazama mkwewe usoni.

"Haya, Luqmani. Njoo umwadhinie mwanao."

Luqmani akaja. Mikononi alikuwa bado na grisi ya Kigombe, akasita. Bi Mwatum akamfuta vidole kimoja kimoja kwa upindo wa mtandio wake, akamwekea mtoto mikononi.

"Umshike katikati," alisema. "Usimlalishe upande."

"Ndiyo, mama," Luqmani alijibu, akainamia sikio la kulia.